Kukaanga Changu Bila Kunata, na Waini ya Kumshushia

Jirani yangu kila akinunua samaki ananipigia simu na swali lile lile: mbona ngozi inabaki kwenye kikaango na nyama inafika sahanini vipande vipande? Naandika hapa ili safari ijayo nimtumie tu. Hii si ya kuzamisha samaki kwenye karai la mafuta. Ni minofu, mafuta vijiko viwili, basi.

Hatua ya 1: Samaki

Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi. Changu au chewa, macho angavu, mashavu mekundu kwa ndani. Vijana wa pale watampara magamba na kukutolea minofu. Waambie waache ngozi. Sangara aliyegandishwa naye anafaa, ila ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, sio kwenye beseni la maji.

Hatua ya 2: Ukavu, kisha moto

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Samaki mwenye maji akigusa kikaango, moto unaishia kukausha maji badala ya kukaanga ngozi, na ngozi inajishika kwenye chuma. Kwa hiyo mkaushe kwa tishu za jikoni pande zote, mtie chumvi, muache kwenye friji nusu saa bila kumfunika, kisha mkaushe tena, maana chumvi inavuta maji. Najua umezoea kumlaza kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Kwa samaki wa kuzamisha, sawa. Kwa huyu, usithubutu: ndimu inamlowesha na kuanza kumuivisha kabla ya moto, na saumu itaungua.

Kikaango kiwe cha chuma kizito. Vile vyembamba vya alumini vinaunguza katikati huku pembeni pamepoa, sivitaki jikoni kwangu. Kipashe moto kikiwa kitupu mpaka tone la maji likimbie huku na huku kama gololi. Kikauke, ndipo utie mafuta ya alizeti. Yakianza kumeremeta, laza mnofu, ngozi chini, ukiuelekeza mbali na wewe. Utajikunja; ukandamize kwa mwiko bapa wa chapati sekunde 10 hivi. Punguza moto uwe wa wastani.

Sasa mikono mbali. Usimsukume, usimchungulie. Mnofu wa unene wa sentimita 2 unataka dakika 4 hivi. Ukijaribu kuunyanyua ukakataa, ngozi haijakauka. Uache dakika nyingine. Ikishakauka, inajiachia yenyewe. Kama kikaango ni kidogo, kaanga kwa awamu, minofu ikibanana inatoa mvuke.

Hatua ya 3: Kumalizia

Geuza. Siagi kijiko kimoja, saumu iliyopondwa, dakika moja au mbili. Epua, kamulia ndimu.

Hatua ya 4: Waini

Nyeupe, isiyo tamu. Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe za waini, inalimwa Dodoma na ina uchachu unaofanya kazi ile ile ya ndimu. Nyekundu nzito na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili pia iache pembeni, pombe inaizidisha makali. Viazi vya kuchemsha na kachumbari vinatosha. Kwa joto letu, chupa iliyokaa kabatini hainyweki: izamishe kwenye ndoo yenye barafu, maji na konzi ya chumvi kwa dakika 20, uianze pale unapopasha kikaango. Asiyekunywa mpe maji ya ukwaju, baridi, sukari kidogo.