Kutoka Nairobi Hadi Aktiki: Kwa Wanaotaka Kuingia Utafiti wa Barafu

Shangazi yangu wa Kasarani hakuwahi kuelewa kwa nini mtoto wa Nairobi asomee barafu. Nilipokuja likizo Desemba nilimfungulia kwenye simu picha za satelaiti za Landsat za barafu ya Lewis, Mlima Kenya: ya zamani, kisha ya juzi. Akaikuza ya pili kwa vidole viwili, akatafuta. "Sasa iko wapi?"

Picha hizo ni za bure tangu 2008, kwa hiyo unaweza kuanza leo usiku kabla profesa yeyote hajakujibu. Jiunge pia na APECS, chama cha watafiti chipukizi wa maeneo ya ncha za dunia. Uanachama haulipiwi.

Ukiandika ombi la uzamivu, usijifanye mtu wa theluji. Waliozaliwa wakiteleza juu yake wamejaa tele. Andika unachokijua. Kaskazini mwa Norwei, Wasami, wenyeji wa huko, hufuga reindia, kulungu wa nchi za baridi. Siku hizi mvua hunyesha katikati ya majira ya baridi, maji yanaganda juu ya theluji, na mnyama anashindwa kuchimbua malisho yaliyo chini. Aliyeishi na wafugaji Kajiado wakati wa ukame anajua la kuuliza: nani anauza mapema? Ua wa nani umeziba njia ya kuhamia? Hapo hali ya hewa, ikolojia na sheria ya ardhi zimekuwa swali moja, na mtu wa satelaiti peke yake halijibu.

Ndiyo maana utahitaji wasimamizi wawili wa fani tofauti, na wote wawepo tangu mwaka wa kwanza. Wangu wa pili aliletwa mwaka wa tatu, nikaandika upya sura nzima.

Halafu viza. Chuo cha UNIS, cha masomo ya Aktiki, kiko Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwei, nyuzi 78 kaskazini. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini unapitia Norwei bara, na Svalbard iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja. Ukiomba viza ya kuingia mara moja, utaenda vizuri na kukwamia huko. Omba ya kuingia mara mbili. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen hili halimhusu.

Nguo? Nunua Gikomba ukiwa nyumbani. Koti langu la theluji lilitoka kwenye bunda la mitumba, tiketi ya mchezo wa kuteleza bado inaning'inia kwenye zipu. Fulana za ndani ziwe za sufu. Pamba ikilowa jasho inakugandisha.