Afisa wa watoto akikuitia kesi, anza hivi

Kama we ni mwanasaikolojia hapa Kisumu na afisa wa watoto amekupigia anataka "ushauri kidogo tu", usikimbilie kumwona mtoto, muulize kwanza huyo afisa anataka kuamua nini, juu mara mingi ako na mafaili imejaa meza na korti ni kesho. Kesi inabaki yake, wewe unamsaidia kufikiria. Jina la mtoto usilitaje kwa matatu ya Kondele wala kwa grupu ya WhatsApp, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mkienda nyumbani kwa mtoto, tuseme mtaa wa Nyalenda, mama yake akinyamaza mwache akate sukuma yake, ataongea tu. Ripoti? Fupi, na maneno ya chuo achana nayo, andika tu kitu mtu anaona, kama "mtoto anashtuka mlango ukigongwa".