Mwalimu wa muziki wa shule ya msingi: anza na koo lako

Vijana wanaotaka kufundisha muziki shule ya msingi huniuliza, "Mwalimu, nianze na kinanda au gitaa?" Anza na koo lako, mdogo wangu. Shule nyingi za huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe, zitakukabidhi ubao, chaki na darasa lililofurika. Kinanda kitakuja siku kikija. Anayekisubiri atawaandikisha watoto notisi za "aina za ala za muziki" mpaka astaafu.

Karatasi kwanza. Kuongoza kwaya ya kanisani, hata kama inashinda mashindano kila mwaka, hakukupi ualimu. Mlango wa kawaida ni kidato cha nne, daraja la kwanza hadi la tatu, kisha chuo. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi, na ngazi za mafunzo zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usifuate la kaka yako. Hapa Mwanza tuna Chuo cha Ualimu Butimba, chenye jina la siku nyingi katika masomo ya sanaa, muziki ukiwamo. TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Makumira kule Arusha wanafundisha muziki wenyewe kwa kina, ila ukitaka kusimama mbele ya darasa la tatu lazima usomee ualimu.

Jambo jingine ulijue mapema: hutapangiwa muziki peke yake. Muziki utaubeba ndani ya somo la Sanaa na Michezo, na mkononi utapewa Hisabati pia. Usiidharau. Mwalimu mkuu anayeona watoto wako wanafaulu Hisabati ndiye atakayevumilia ngoma saa nne asubuhi dirishani pake.

Wakati unasubiri majibu ya chuo, noa sikio. Tafuta kwaya inayosoma nota kweli, maana zipo zinazokariri tu kwa kumsikiliza mwalimu, na omba ufundishwe solfa, yaani kusoma sauti kwa do, re, mi. Jifunze pamoja na ishara za mkono alizozieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole cha shahada kikielekea juu ni ti. Kwenye darasa kubwa ishara hizi ni dhahabu, kwa sababu mkono unaonekana mpaka dawati la nyuma na wewe hupotezi sauti kwa kufoka. Anza na so na mi, uongeze la, halafu re na do. Kwa sauti hizo tano unaimbisha nyimbo nyingi za michezo ya watoto na nyingi za ngoma za Kisukuma. Fa na ti zinasumbua, ziache mwisho.

Sisi wanaume tuna mtego wetu. Ukianzisha wimbo kwa sauti yako ya kawaida, unaimba oktava nzima, yaani do hadi do, chini ya watoto. Wengine watajaribu kukufuata huko chini na utasikia mngurumo. Toa sauti ya kuanzia kwa ile sauti nyembamba, au mteue mtoto mwenye sikio awe kiongozi. Usiwapandishe mno pia: kwa wadogo, kati ya do ya katikati ya kinanda na la iliyo juu yake panatosha. Kwaya nyingi za shule hupiga kelele kwa sababu ufunguo, yaani kimo cha wimbo, ulichaguliwa kwa ajili ya koo la mwalimu.

Kisha kusanya nyimbo. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukaangalie ngoma na uulize habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana kucheza. Tazama bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na majembe yake: mtoto akiinua jembe na kulishusha anashika pigo kuliko ukimchorea mistari ubaoni. Nenda mwaloni, mitumbwi ya samaki inapotia nanga, usikilize nyimbo. Mchakamchaka wa asubuhi nao usiuache, kwani kiongozi anatoa na kundi linapokea, na somo la kuimba kwa kupokezana tayari watoto wanalo miguuni. Ila kabla hujapeleka wimbo wa ngoma darasa la pili, muulize mzee maana ya maneno. Nyimbo za mashindano zina mafumbo na kejeli, na mzazi atakayekuja ofisini kesho yake anazielewa vizuri kukushinda.

Zana tengeneza. Matete yamejaa kando ya ziwa; kayamba ni matete yaliyofungwa safu mbili, na mbegu ngumu katikati. Chupa za soda nazo zinafundisha mengi. Weka maji, gonga chupa kwa kijiti, ongeza maji, gonga tena: sauti inashuka, kwa sababu kioo kinatikisika kikiwa na uzito zaidi. Sasa puliza mdomoni mwa chupa hiyohiyo huku ukiongeza maji: sauti inapanda, kwa kuwa hewa inayotikisika ndani imebaki fupi. Waache watoto wabishane dakika nzima kabla hujawaeleza. Ukiwa na ngoma ya ngozi, msimu wa mvua ngozi hulegea na sauti inakufa, hivyo iweke juani au karibu na moto kabla ya kipindi, na uigeuzegeuze ili isipasuke.

Halafu BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ambako mkufunzi atakaa nyuma na daftari lake. Kuanzia darasa la tatu kipindi ni dakika 40, na wanafunzi wa mazoezi wengi huzimaliza kwa maelezo. Andika kwenye andalio la somo kwamba ndani ya dakika ya kwanza watoto wanaimba, na ufanye hivyo. Wimbo mmoja mfupi, mstari kwa mstari. Nusu ya darasa iimbe, nusu ipige pigo kwa viganja, halafu wabadilishane. Simama na usikilize. Mwalimu anayeimba nao muda wote hawezi kujua nani amepotea. Mtoto anayeimba pembeni ya sauti usimnyamazishe, msogeze akae jirani na mwenye sauti thabiti.

Na siku ya ngoma mwarifu mwenzako wa darasa la jirani tangu jana yake, au wapeleke chini ya mwembe.