Ukirudi Nairobi, bakshishi mpe nani?

Ukitoka Marekani, ile hesabu ya asilimia 20 iache uwanja wa ndege. Kule sheria ya serikali kuu inaruhusu mhudumu wa mezani alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichoguswa tangu 1991, kwa hiyo bakshishi ndiyo inayojaza mshahara. Kenya mwajiri anatakiwa kulipa mshahara kamili, na cha mteja kiwe cha juu yake. Wapo wasiolipa, tunawajua.

Hoteli za Westlands na Kilimani, soma risiti kwanza. VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ni za serikali. Ukiona na ada ya huduma, muulize mhudumu kwa sauti ya chini kama inamfikia.

Halafu kuna hili la till, ile namba ya M-Pesa ya biashara. Bili ni 1,850, mtu analipa 2,000 kwa M-Pesa na kusema, "Dada, hiyo nyingine ni yako." Pesa zote zimeingia kwa mwenye hoteli, na dada anabaki kungoja huruma ya meneja. Uingereza ilibidi watunge sheria, ikaanza Oktoba 2024, kuwalazimu waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote. Wewe lipa 1,850 kamili, kisha mpe noti mkononi, au mwombe namba yake.

Boda na teksi, waachie chenji. Soja wa maegesho, hamsini yatosha, usipotoa hakununii.

Inayonikera mimi ni bakshishi ya Desemba nyumbani kwa mama. Watu wanashuka na marashi na elfu tano ya dada wa kazi, picha zinapigwa, halafu Januari anarudia mshahara wa elfu nane ambao wao wenyewe ndio wanaoutuma. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 ilimweka mfanyakazi wa nyumbani wa Nairobi kwenye shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya). Kama hamjafika hapo, ile elfu tano anawadai bado. Lijadilini kwenye grupu la familia kabla ya kukata tiketi: ndugu watatu, nyongeza ni kama 2,700 kila mmoja. Na mtumieni kwa namba yake mwenyewe, isipitie kwa mjomba.