Jinsi ya kusoma kibao cha garimoshi la zamani bila kukiharibu

Treni haijafika Malindi, ila vibao vyake vya shaba au chuma, vyenye majina na namba, vimefika. Vililetwa na wazee waliostaafu kazi ya reli, vikawekwa juu ya kabati. Siku hizi wajukuu wanavileta karakana na ombi moja: "Fundi, kisugue king'ae." Mimi huwaambia tukisome kwanza.

1. Weka ndimu kando. Pwani tumezoea kusugua madele kwa ndimu na majivu. Kwenye kibao, asidi hula shaba na kuondoa mabaki ya rangi iliyopakwa nyuma ya herufi. Msasa, brashi ya waya na grainda ndiyo kabisa, usiviguse.

2. Toa chumvi. Maji mengi ya kisima hapa kwetu yana chumvi. Nunua maji ya betri, na umwambie muuzaji wazi asije akakupa asidi. Osha shaba kwa mswaki laini, kausha papo hapo. Kibao cha chuma usikioshe: brashi kavu, kisha mafuta ya cherehani kidogo.

3. Chukua nakala. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa kibao, upige picha. Herufi zilizolika zitatupa kivuli. Kisha bandika karatasi nyembamba juu yake, pitisha krayoni nyeusi iliyolazwa, ukianzia katikati. Ukishindwa kujua kama ni 3 au 8, funga macho upapase kwa kidole.

4. Tenganisha namba. Hapa ndipo wengi hupotea. Kibao cha mtengenezaji kwa kawaida hutaja kiwanda, mji, mwaka na namba ya kiwanda: mathalani Beyer, Peacock wa Gorton, Manchester, au Vulcan Foundry wa Newton-le-Willows. Namba hiyo haibadiliki. Namba ya reli, ile ambayo shirika la reli hulipa garimoshi lake, ni nyingine, na hubadilika. Garimoshi "Karamoja" lilikuwa namba 87 enzi za KUR, Reli ya Kenya na Uganda. EAR, Reli ya Afrika Mashariki, ikaligawia namba 5711. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja (kundi la magarimoshi ya muundo mmoja), yaani 57, na mbili za mwisho ni nafasi yake katika daraja hilo. Ndivyo ilivyo hata kwa 5918 "Mount Gelai", lililoko Makumbusho ya Reli Nairobi: ni la 18 katika daraja la 59, ambalo magarimoshi yake yalipewa majina ya milima.

Herufi za shirika nazo husaidia kukisia umri. EAR ilianza 1948. Kabla yake, kwa Kenya na Uganda, ilikuwa KUR.

5. Pima kama ni cha bandia. Shaba ikiyeyushwa na kumiminwa, hunywea inapopoa, takriban asilimia moja na nusu. Kwa hiyo kibao kilichosubiwa kwa kutumia kibao halisi kama kielelezo hutoka kikiwa kidogo kuliko mwenzake: kwenye urefu wa milimita 300 hupungua kama 4 au 5. Pima kwa rula ya chuma, si futi ya fundi cherehani, ulinganishe na kibao cha aina hiyohiyo kinachojulikana asili yake. Kigeuze pia utazame matundu ya skrubu. Yakiwa makali na masafi kama ya jana, mimi huanza kushuku.

6. Andika. Nyuma ya nakala weka vipimo, uzito, aina ya chuma, na maneno ya mzee mwenyewe: kilitoka kichwa kipi au behewa lipi, upande gani. Muulize angali hai.