Somo: Kumhudumia na kumfundisha mgonjwa wa presha na lehemu

Somo hili ni la wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ingawa hata anayeuguza mzazi nyumbani litamfaa. Siku foleni ikiwa ndefu, kliniki ya presha huenda hivi: pima, andika, dawa, tarehe ya kurudi, mwingine aje. Mgonjwa anaondoka na vidonge asivyojua vinamfanyia nini, na kwa kuwa presha haiumi, baada ya wiki mbili anaviweka kabatini. Ndiyo maana nasema kazi yetu kubwa hapo ni kuuliza na kueleza.

Hatua ya 1: Pima inavyotakiwa

Apumzike dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini, asikunje nne. Mkono uwe wazi, ulale mezani usawa wa moyo. Kama ana haja ndogo aende kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kahawa na sigara viwe vimepita angalau nusu saa. Msipige soga mashine ikipima.

Angalia mkanda wa mashine. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mama wa watu anaongezewa dawa bure. Akija mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha baadaye tumia ule uliosoma juu. Pima mara mbili, upishe dakika moja. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na imejirudia siku tofauti, hiyo ni presha ya juu kwa mtu mzima.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kuandika

“Umemeza dawa leo?” Wengi hufika kliniki hawajameza, ama kwa sababu waliambiwa waje na njaa kwa ajili ya kipimo cha damu, ama wanataka daktari “aione presha yenyewe”. Mashine inasoma 170, dawa inaongezwa, na mtu akienda nyumbani akazimeza zote anapata kizunguzungu na kuanguka. Mwambie mapema: dawa ya presha anaimeza kwa maji asubuhi ya kliniki kama siku nyingine, hata kama hajala. Dawa za kisukari ndizo zenye utaratibu wake, hizo aulize.

Usiulize kwa ukali. Ukifoka utajibiwa “nimemeza, sista” na hutajua lolote. Jaribu hivi: “Mama, wiki hii dawa zimekupita siku ngapi?” Hapo utasikia kwamba hela iliisha, au kwamba anagawana vidonge na mume wake. Hilo la kugawana ni la kawaida kuliko tunavyokubali.

Uliza pia dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wenye magoti mabovu hununua duka la dawa kila wiki, hupandisha presha na kuumiza figo.

Hatua ya 3: Eleza lehemu

Lehemu, yaani aina ya mafuta kwenye damu ambayo wengine huita kolestro, haina dalili, na mtu mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi. Ikizidi hujijenga kwenye kuta za mishipa. Ikikutana na presha, njia ya kiharusi na shambulio la moyo inafupika.

Majibu ya maabara yasome na kipimo chake. Jumla ya 5.2 kwa milimoli ni sawa na takribani 200 kwa miligramu, kwa hiyo asiyejua anaweza kudhani lehemu yake imepanda mara arobaini kwa sababu tu amebadilisha maabara. Daktari naye haangalii namba hiyo peke yake: huangalia umri, sigara, kisukari, na kama mtu amewahi kupata kiharusi.

Akipewa statini, yaani dawa za kushusha lehemu kama atovastatini au simvastatini, mwambie maumivu ya misuli yasiyoeleweka au mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni sababu ya kurudi haraka. Balungi aliache.

Hatua ya 4: Ingia jikoni kwake

Ongea na anayepika. Mara nyingi si mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile iliyojificha. Kwetu imejificha kwenye ng'onda, papa mkavu, vidonge vya mchuzi, na magadi tunayotia kwenye makande na mlenda. Magadi ni sodiamu pia. Nimeona familia iliyoondoa chumvi mezani kabisa huku maharage yakipikwa kwa magadi kila siku.

Kwenye mafuta, punguza samli, mawese, supu ya kongoro na tui zito. Nazi haina lehemu ndani yake, ila mafuta yake hupandisha lehemu ya damu, hivyo maandishi ya “haina lehemu” kwenye chupa yasimdanganye mtu. Tui jepesi, samaki wa kuchemsha, mchicha, maharage: hivi anavimudu. Usimwandikie vyakula vya dukani asivyoviweza.

Hatua ya 5: Dalili za kukimbilia hospitali

Presha ya 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda, mkono kulegea, macho kufifia au kuchanganyikiwa: hospitali sasa hivi. Kama hana dalili yoyote, mpumzishe, rudia kupima, mwone daktari siku hiyo hiyo. Wala usitoboe nifedipini, dawa ya kushusha presha, na kuidondosha chini ya ulimi. Presha ikishuka ghafla inaweza kuleta kiharusi kile kile unachokiogopa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo sista. Baba presha imefika 120 kwa 80, kasema amepona na dawa kaacha.
Jibu: Marahaba. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Mrudishe kliniki, kupunguza ni uamuzi wa daktari.

Swali: Mama anakohoa kikavu tangu aanze enalaprili ya presha, tumempa dawa za kikohozi wapi.
Jibu: Ni dawa hiyo huenda. Asiiache kimya kimya, aende abadilishiwe.

Swali: Ramadhani tunamezaje?
Jibu: Dawa ya mara moja kwa siku humezwa futari au daku. Ya mara mbili au tatu, aonane na daktari kabla ya mwezi kuanza. Dawa ya kukojosha asiihamishe saa bila kuuliza.

Swali: Kitunguu saumu na juisi ya choya vinatosha?
Jibu: Choya inaweza kushusha kidogo, lakini haichukui nafasi ya kidonge. Na isiwe na sukari nyingi.

Swali: Dada yangu anatumia losatani ya presha na atovastatini, amegundua ana mimba ya wiki nane.
Jibu: Aende kliniki leo, asisubiri tarehe yake. Losatani inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na statini nayo kwa kawaida husimamishwa. Abebe pakiti zote, aseme ana mimba kabla ya jambo lingine lolote. Zipo dawa za presha zinazofaa kwa mjamzito, kama methildopa, na atapangiwa.