Keneli mpya hailindi kitu mpaka uwashe upya

Jana nimekuta seva ya duka moja hapa Area C, Dodoma: masasisho ya usalama yameingia yote, lakini haijazimwa siku 140. Ukishasasisha keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), andika `uname -r` (inataja keneli inayotumika sasa), kisha `ls /boot/vmlinuz-*` (inaorodhesha zilizo kwenye diski). Kama toleo jipya kabisa kwenye orodha silo linalotajwa na uname, tundu la usalama bado liko wazi: faili jipya limelala kwenye diski, mashine inaendeshwa na keneli ya zamani iliyopakiwa kwenye RAM. Washa upya usiku, wateja wakishaondoka (na umeme uwepo, jamani). Ndani ya kontena (programu iliyotengwa inayotumia keneli ya mashine iliyoibeba) kipimo hiki hakisaidii, utaonyeshwa keneli ya mashine mama. Na wanaotumia viraka vya papo kwa papo (vinavyoziba tundu bila kuwasha upya), namba ya toleo hubaki ileile hata tundu likishazibwa.